Chubwi kwenye Pindo

Kwa muda mrefu Bi Riyama aliwashonea wenziwe nguo za kuogelea bila yeye mwenyewe kuloa kupita magoti. Chumba chake cha cherehani kiko Mlandege, nyuma ya maduka ya vitambaa, na kazi yake ya zamani ni sare za skuli. Kisha wanawake wa mjini wakaanza kujifunza kuogelea. Wakamjia mmoja mmoja, wakifunga mlango kwanza ndipo waseme wanachotaka: suruali, kanzu fupi ya kufika magotini na kofia ya kuziba nywele, vyote vya kitambaa kisichogandama mwilini. Akawashonea. Wakarudi na habari.

"Bi Riyama, kule chini kuna bustani!" alimwambia Nadhira, mwalimu wa skuli, nywele zake bado zinanuka chumvi. "Matumbawe mengine ya zambarau, mengine kama bongo la mbuzi. Na samaki hawakuogopi!"

"Wapi huko?"

"Tumbatu."

Cherehani ikasimama. Bi Riyama amezaliwa kisiwa hicho hicho cha Tumbatu. Aliondoka mdogo, akalelewa kwa shangazi yake Ng'ambo, na bahari ya kwao aliijua kwa juu tu, kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani kwa bati lake. Sasa watu wa mjini ndio wanaomsimulia kwao. Hakuudhika, lakini jambo hilo lilimkaa. Kila alipokanyaga cherehani alijiuliza: hivi mimi nitakufa nimesimuliwa tu?

Nadhira akamwazima miwani ya kuzamia na kibomba chake cha kupumulia. Ikabaki nguo.

Aliyewashonea wenziwe kanzu za magotini alijipimia yeye ya kufika kwenye vifundo, pana, juu ya suruali. Na kwa kuwa kitambaa kipana hupanda juu majini, akampigia simu mdogo wake Makungu, mvuvi wa Tumbatu, amletee chubwi, vile vipande vya risasi vinavyozamisha mshipi.

"Dada, umeanza kuvua huko Mlandege?" aliuliza Makungu.

"We nletee tu."

Akazipanga pindo zima, akazishona mara mbili, kwa uzi wa turubai.

Siku ya safari Makungu alimpokea Mkokotoni. Chomboni alikuwamo mkewe, Mwanapili, ambaye tangu usichana wake anawinda pweza miambani kwa kijiti. Mawifi hao hawajapata kuonana bila kuchokozana.

"Karibu, mtu wa mjini," alisema Mwanapili. "Umefunga safari kuja kuona samaki? Sokoni Darajani wamekwisha?"

"Wa Darajani wamelala. Nnataka walio macho."

Maji yalikuwa yamekupwa. Makungu alitia nanga kwenye dimbwi la mchanga katikati ya mwamba, mahali maji yanapofika kifuani, akawapa mgongo na kuanza kuitengeneza mishipi yake. Mwanapili akateremka. Bi Riyama akamfuata, akavaa miwani, akasoma Bismillahi, akalala kifudifudi kama alivyoelekezwa.

Kichwa kililala. Miguu haikuja. Pindo lilimvuta, likamsimamisha wima kama nguzo. Akajaribu tena, likamsimamisha tena. Mara ya tatu akameza maji, akakohoa mpaka machozi, na miwani ikaingia ukungu kabla hajaona hata kokoto.

"Wifi," Mwanapili alisema akimshika kwapani, "umevaa nguo au nanga?"

Kule chomboni Makungu aliangua kicheko. "Zile chubwi! Mwanapili, dada katia chubwi kwenye kanzu!"

"Wewe tazama mishipi yako!" alifoka Bi Riyama.

Mwanapili alicheka mpaka ikawa sasa yeye ndiye anayeshikwa asianguke. Alipopata pumzi akasema, "Fumua."

"Ikipanda?"

"Ipande! Nani atakuona, pweza? Na ndani umevaa suruali ya kutosha watu wawili."

"Nshakuwa mtu mzima, Mwanapili."

"Na maji yanajaa, mtu mzima. Yakishajaa hapa husimami, na kesho unarudi kwenye cherehani yako."

Bi Riyama aliyatazama maji. Kweli, yalikuwa yameanza kumpanda mabegani. Akajivuta hadi kwenye ubavu wa chombo, akakaa ukingoni, akaliinua pindo hadi mdomoni kama alivyozoea kukata nyuzi. Uzi haukukatika. Aliyeushona alikuwa anaijua kazi yake.

"Ulishona kwa hasira?" aliuliza Mwanapili, akichomoa kijisu kiunoni na kushika upande wa pili.

"Kwa haya," alijibu Bi Riyama, meno yamejaa uzi.

Makungu, bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma, na chubwi zikamdondokea kiganjani. "Hii yangu. Hii yangu. Na hii nayo... dada, ulinimaliza!"

Akateremka tena majini, akalala. Safari hii miguu ilikuja yenyewe. Kanzu ilipanda, ikafunguka pande zote kama mwavuli, lakini yeye alikuwa ameshatazama chini.

Kwanza aliona rangi, nyingi kwa pamoja, kama duka la vitambaa linapofunguliwa asubuhi. Tumbawe la kahawia lenye ncha za buluu. Jingine la mviringo, na kweli ni bongo la mbuzi, Nadhira hakusema uongo. Jingine limekunjwa marinda, marinda membamba kuliko yote aliyowahi kuyakunja kwenye sare za skuli. Alisikia pumzi yake ndani ya kibomba, inaingia, inatoka. Uzi mrefu wa pindo ulielea mbele yake. Kisamaki chenye mistari, kidogo kama kidole gumba, kikaja, kikauonja, kikauvuta, kikauachia, kikaurudia. Bi Riyama alitulia tuli kama mtu anayepimwa nguo.

Aliposimama, maji yalikuwa shingoni.

"Enhe? Umeona nini?" aliuliza Mwanapili.

"Tumbawe la marinda."

"Wapi?"

"Hapo, ubavuni mwa shimo lako la pweza."

"Hapo mimi nnapita kila bamvua, maji yakitoka!"

"Unapita juu."

Mwanapili aliutazama ule mwamba anaoujua shimo kwa shimo, kwa nyayo na kwa kijiti. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo miwani."

"Kanga itapanda, wifi."

"Ipande."

Akalala kifudifudi, na Bi Riyama akamshika mkono asichukuliwe na maji. Ndani ya kibomba ikatoka sauti ndefu, isiyo neno, iliyofika mpaka chomboni.

"Ana nini huyo?" aliuliza Makungu, bado amewapa mgongo.

"Kaona marinda," alisema Bi Riyama.