Kata ya Maji kwa Gari Lisilokunywa

Harufu ya petroli juu ya maji baridi ya mtungi ni harufu ambayo sidhani wengi wenu mmewahi kukutana nayo. Mimi hukutana nayo kila ninapolijaza tangi la gari langu, kisha nikasahau kunawa kabla ya kushika kata ya kuchotea maji. Maji yakikaribia pua, narudi Kinondo, katika ua wa Bibi, miaka ile Uhuru ulipokuwa mlangoni na Wazungu wa mashamba walikuwa wakifungasha virago.

Vijana wa gereji za Ukunda huniuliza kwa nini siliuzi gari hili. Mwenye hoteli mmoja wa Diani alitaka kuliweka ukumbini, juu ya zulia, liwe pambo la kupigia picha. Nilimwuliza kama angependa na mimi nikae kando yake. Gari hili linatembea. Litakapoacha kutembea nitalitengeneza, na nitakapokufa warithi wangu watajua la kufanya, kwa maana nimekwisha kuwaambia. Na habari zake zilizoenea kutoka Galu hadi Msambweni ni uzushi mtupu. Wanaozisimulia hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, na lililo kubwa katika ushahidi wangu nililionja kwa ulimi.

Gari lilikuwa la Shangazi Mwanatumu, dada wa baba yangu. Alikuwa mkunga na mjane, tena mwanamke ambaye hakuinua sauti kwa sababu hakuona haja. Alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao: gari dogo la rangi ya maziwa, lenye mgongo wa kobe na mlio kama wa cherehani kubwa. Ndani lilinuka ngozi iliyopigwa jua na dawa ya hospitali. Injini ilikuwa nyuma, mahali ambapo watu wa akili timamu huweka mizigo. Mizigo ilikaa mbele, chini ya boneti, pamoja na tundu la petroli. Wala halikuwa na rejeta. Halikutiwa hata tone la maji. Lilipozwa kwa upepo.

Hilo la mwisho ndilo lililoushinda mji. Magari tuliyoyajua sisi yalikuwa malori ya nazi, na lori la nazi lilikuwa halimalizi safari bila kutoa mvuke puani. Utingo angeruka chini na debe, apige hodi nyumba ya karibu, na mara nyingi nyumba ya karibu ilikuwa yetu. Bibi hakumnyima mtu maji, wala kitu. Angesimama barabarani na kata yake mkononi, akitazama maji yakimiminwa mbele ya lori, mpaka aridhike kwamba mgeni wake ameshiba.

"Na hili lako mbona hulinyweshi?" alimwuliza Shangazi.

"Halinywi, Mama. Linapozwa na upepo."

"Upepo!" akasema Bibi. "Na wewe ukitoka shamba nikupe upepo?"

Ami Juma, kaka mkubwa wa Shangazi, hakuwa na mzaha. Sitaki mmwone kuwa mtu mbaya. Alikuwa mkuu wa ukoo, na kila jioni barazani alisikia watu wakiuliza ni lini dada yake alianza kuwa dereva. Siku moja alikuja na jamaa wawili wawe mashahidi, akakaa juu ya mkeka, akasema neno lake mbele ya Bibi na mbele yetu sote.

"Mwanatumu, mimi sikukatazi. Lakini siku gari hili litakapokufa njiani likavutwa na watu, ufunguo utanipa mimi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Kaka."

"Sema wasikie."

"Likivutwa, ufunguo ni wako."

Shangazi alijua anachokisema. Alilijua gari lake kama alivyoijua mikono yake. Kwa gari lile alikuwa akiwafikia wazazi wa vijiji vya ndani kabla ya uchungu kuwashinda. Bila hilo angerudi kungoja lori la nazi, na lori la nazi humngoja nani? Bibi naye alilielewa jambo hilo vizuri. Tangu siku ile akawa analitazama gari kwa wasiwasi, kama mtu anayemtazama mtoto asiyekula.

Asubuhi chache baadaye niliamka nikamkuta Bibi akitoka upande wa gari, kata mkononi, upindo wa kanga umelowa. Nilidhani alikuwa akilisafisha vumbi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha isiyo ya kawaida yake, akairudisha kata mtungini.

Shangazi alikuwa akinipeleka shule siku zile, akielekea kazini Msambweni. Tulipanda. Gari likaitika mara moja kama desturi yake, tukatoka. Hatukufika hata Mwabungo. Lilikohoa, likaruka kama mbuzi, likakohoa tena, kisha kukawa na kimya ambacho sijakisahau. Shangazi alijaribu ufunguo mara moja, mara ya pili, akashuka.

Watu walitokea kana kwamba walikuwa wamengoja vichakani.

"Si tulisema?" alipaza mgema mmoja, vibuyu vyake vikining'inia kiunoni. "Limekufa kiu!"

"Lipeni upepo basi! Mwenye upepeo hayupo?"

"Bi Mkunga, mgonjwa wako leo kazidiwa!"

Wakacheka, lakini hawakutuacha. Ililetwa kamba ya nazi, wakalivuta gari mpaka nyumbani wakiimbiana kama watu wanaotoa chombo majini, na Shangazi ndani ameshika usukani, shingo wima. Nilitembea kando huku machozi yakinitoka kwa hasira, nikiapa moyoni kwamba nikikua sitakuwa na gari jingine ila hili.

Ami Juma alikuwa amekwisha kufika uani na mashahidi wake wawili. Habari ilitutangulia. Alinyoosha mkono.

"Ningoje, Kaka," akasema Shangazi. "Nitazame kwanza."

Akalala chini ya gari kwa kanga yake ya kazini, akafungua mpira wa petroli, akakingia chupa. Akainua chupa kwenye jua. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, nikaona: chini maji meupe, juu petroli, vimetengana kama watu waliogombana. Akageuka kumkabili kaka yake. Uso wake ulikuwa na ushindi. Alikuwa amefungua kinywa.

Wakati huo huo Bibi akalalamika kutoka jikoni: "Jamani, maji ya mtungi leo yananuka gari! Nani kachezea kata yangu?"

Nilicheka. Kila mtu alicheka. Shangazi hakucheka. Aliingia jikoni nami nyuma yake, akachota kwa kata ile ile, akaonja, akanipa nami nikaonja. Petroli ilinichoma ulimi. Bibi alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi, nazi iliyovunjwa mapajani, hakuna alichokuna. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayesema peke yake:

"Yalikuwa machache. Safari ndefu, na maji yalikuwa machache."

Shangazi alinipokea kata, akaiweka chini. Kisha akatoka, akaimwaga chupa mchangani, akaikanyaga ile sehemu kwa kiatu.

"Haya," akasema Ami. "Ufunguo."

"Sikupi, Kaka."

"Uliahidi mbele ya watu."

"Niliahidi. Na sikupi."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu ninayo. Nitakaa nayo mwenyewe."

"Basi huna neno, Mwanatumu," akasema Ami, akaondoka na mashahidi wake. Tangu siku ile mpaka alipokufa hakukanyaga ndani ya gari lile. Mara nyingi tulimkuta njiani akienda kwa miguu, jua kali, Shangazi akasimamisha, akamsalimu kwa heshima zote, akamfungulia mlango. Ami alijibu salamu na kuendelea kutembea. Mji ukampa Shangazi jina la mvunja ahadi, na jina hilo alilivaa bila kulitetea hata kwa neno moja.

Siku ya pili, baada ya kulisafisha tangi, alitia kufuli kwenye boneti. Na hapo ndipo lilipoanza lile jambo ambalo wazushi wamelifanya hadithi. Kila asubuhi Shangazi alichota kata ya maji, akainama mbele ya gari akiwa ameupa mgongo mlango wa jikoni, akayamimina polepole kando ya gurudumu. Watu walimwona, wakaeneza kwamba gari lile ni la jini na mwenyewe analitolea kafara. Mimi nilidhani anawakomoa tu. Kutoka jikoni ilisikika sauti:

"Limekunywa?"

"Limekunywa, Mama. Limeshiba."

"Alhamdulillahi."

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye watoto wangu, siku nilipolijaza gari hilo kwa mkono wangu nikashika kata bila kunawa. Ladha ya utotoni ikanirudia ulimini, nami nikalazimika kukaa chini. Nilimwendea Shangazi, mzee wakati huo, nikamweleza nilichokifahamu.

"Uliyaonja maji yale?" akaniuliza.

"Niliyaonja."

"Ami yako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi nyamaza."

Nikanyamaza. Sasa wote watatu wametangulia mbele ya haki, nami sina wa kumlinda. Mtoto niliyekuwa aliona mwanamke mkaidi akikataa kutimiza neno lake, akampenda kwa ukaidi huo. Hakujua kwamba mwanamke huyo alikuwa na ushindi wake wote ndani ya chupa moja, akaumwaga, ili mama yake asijue kamwe kwamba mkono uliotaka kuliokoa gari ndio uliolizima. Ahadi aliivunja, hilo sikanushi. Nimekaa na watu wengi waliotimiza ahadi zao, na sijaona wa kumlinganisha naye.

Gari lingali uani kwangu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, nachota kata moja na kuyamimina maji kando ya gurudumu la mbele. Fundi kijana aliniona juzi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, hili halinywi maji!" Nikamjibu kwamba najua, na kwamba nilijua kabla baba yake hajazaliwa. Kisha nikamimina mpaka tone la mwisho.