Kapasita Sita Nilizoziacha

Siku niliyomliza Bi Mwanaisha wa Temeke naikumbuka hadi leo, na nikikuona umeshika hiyo redio kuukuu, umebadilisha kapasita moja, hicho kijipuri cha kutunza umeme, kisha unapiga mluzi, damu inanichemka. Mwanangu, hebu weka chini hiyo bisibisi unisikilize!

Ilikuwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Juma, mtoto wa pekee wa Bi Mwanaisha, alikuwa askari wa Mwingereza huko Burma. Kila Jumamosi alasiri salamu za askari zilisomwa redioni, na mama yule alikuwa na redio ya valvu, ya betri ya gari, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ikazimika. Akatuletea karakanani.

Bwana Salehe, fundi aliyenifundisha kazi, akaifungua. Kapasita moja ilikuwa imepasuka. Vipuri vilikuwa shida enzi zile, lakini alitoa kabatini mpya saba, akaziweka mezani.

"Za humu ndani zote saba zina umri mmoja," akaniambia. "Badilisha zote."

Mie nishaoa, najiona fundi kamili, mzee atanieleza nini? Zile sita nyingine za zamani, nta iliyozifunika ilikuwa bado inang'aa. Nikabadilisha iliyopasuka, redio ikaimba, nikaifunga. Kichwa changu kilivyokuwa kikubwa siku ile, wallahi!

Jumamosi mtaa mzima ukakaa mkekani kwa Bi Mwanaisha, nami mbele nasubiri sifa. Msomaji akasema, "Juma wa Temeke anamsalimu mama yake. Yeye ni mzima, lakini..."

Krrr. Moshi. Kimya.

"Lakini nini?" akauliza Bi Mwanaisha. Watu wote wakanitazama mie. Moja ya zile zilizong'aa ilikuwa imekufa, na transfoma ikaungua nayo, kipuri ambacho wakati wa vita hakikupatikana.

Miezi mitatu, mwanangu! Kila nikikutana naye njiani hakunitukana. Aliniuliza tu, "Lakini nini, baba?" Chakula kilimshinda, akakonda, nywele zikawa nyeupe. Bwana Salehe naye akaziacha zile kapasita sita mpya mezani pangu nizitazame kila siku, na ningependa zaidi anichape.

Hatimaye barua ikafika, akanipa niisome. Juma ameandika: "Kama nilivyokutumia salamu redioni, mie mzima, lakini wali wa huku hauna nazi."

Nazi! Mama wa watu akacheka, kisha akalia mpaka nikatoka nje kwa aibu.

Basi sikia, maana sitarudia. Kapasita ya zamani haitazamwi uso. Ukikuta moja imekufa, toa zote, hata kama zinakupendeza, hata kama umechoka, hata kama mwenye redio anakuharakisha. Aliyekuletea hakuja kusikiliza waya. Kuna mtu wake humo ndani.

Haya, rudi mezani ukamalize. Mungu akupe macho na subira, na asikupe kamwe mama wa kukuuliza swali usiloweza kulijibu.