Glavu za Mama

Nyasi za mbele ya nyumba yangu hapa Kitale nilizipanda mwenyewe, shina kwa shina, na nikazipenda kupita kiasi. Kwa hiyo tulipomzika baba, kisha mama akaja kukaa nasi kutoka kijijini kwetu Kabuchai, nilimpokea yeye kwa furaha na ng'ombe wake kwa kununa. Alikataa katakata kumwacha.

Kila jioni ng'ombe huyo alikatiza kwenye nyasi akielekea zizini, na kila jioni aliacha mavi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilinunua glavu za mpira, nikazitupa mlangoni kwa mama bila kusema neno. Akazichukua, lakini hakuzivaa hata siku moja. Aliendelea kuzoa kwa mikono, karai ubavuni.

"Mama, hiyo ni aibu. Majirani wanaona."

"Aibu gani, baba? Hii si uchafu. Hii ndiyo tunapaka nyumba. Si wewe ulitambaa juu yake?"

Ni kweli. Nilipokuwa mtoto, kila Jumamosi mama alikuwa akipaka sakafu yetu ya udongo samadi mbichi, nasi tukingoja nje ikauke. Lakini sasa nilikuwa na nyumba ya vigae, na mtu akipanda cheo pua nayo hupanda.

Siku wakwe walipotutembelea, mama wa mke wangu alikanyaga mavi. Viatu vilikuwa vyeupe. Nikafoka mbele ya wageni wote: "Mama, hapa si Kabuchai! Kama huwezi kuzoa vizuri, huyo ng'ombe arudi kwao!"

Mama akapiga magoti, akakipangusa kile kiatu kwa leso yake. Kwetu wakwe husalimiana kwa mbali, kwa heshima. Sikuwa nimewahi kuona mmoja akimshika mwenzake mguu. Nilitazama kando.

Wiki iliyofuata alisema, "Ng'ombe amekumbuka nyumbani." Nikatafuta pikapu upesi, ikawarudisha wote wawili Kabuchai. Sitaficha: nilifurahi. Nyasi zilikaa safi miezi mitatu.

Kisha simu ikapigwa asubuhi moja. Mama alikuwa amelala na hakuamka.

Nilipofika Kabuchai, wanawake walikuwa wakipaka sakafu yake samadi ili mwili uletwe ndani. Ukutani, juu ya picha ya baba, zilining'inia zile glavu ndani ya karatasi ya nailoni, mpya kama zilivyotoka dukani.

"Hizo alikuwa anaonyesha kila mtu," shangazi akaniambia. "Ati kijana yangu ameninunulia, hataki nichafuke mikono. Tukimwambia avae, anasema ataziharibu bure."

Nilivua saa, nikapiga magoti kati ya wanawake, nikatia mikono ndani ya karai. Hiyo ni kazi ya wanawake, lakini hakuna aliyenizuia. Nililia nikipaka, na shangazi akawa ananionyesha mahali nilipoacha.

Ng'ombe nilirudi naye Kitale. Nyasi zimekwisha kuharibika. Kila jioni nazoa mavi yake kwa mikono mitupu, nayamwaga kwenye migomba, kwa sababu sina sakafu ya kupaka. Glavu nimezitundika ukutani, ndani ya nailoni yake. Mke wangu huniuliza kwa nini sizivai, nami humwambia si zangu.