Chumba Kilichozibwa Dirisha

Mdogo wangu alipanga chumba Malindi kwa mzee aliyeheshimika mtaani, mtu wa kupewa shikamoo hata na watu wazima. Chumba kilikuwa na dirisha moja. Mzee alipoongeza vyumba vingine nyuma, ukuta mpya ukaliziba. Mdogo wangu alilalamika mara tatu. Akajibiwa kwamba mlango unatosha kupitisha hewa.

Masika ile mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Adhuhuri moja mdogo wangu aliingiza jiko la makaa ndani, akafunga mlango asirowe, akainjika maharagwe. Makaa yalikuwa yamekolea, moshi hamna, na ile hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki. Nilipofika kutoka kwangu Kakuyuni nilimkuta kaanguka sakafuni, hana fahamu. Nilimburura hadi uani. Alizinduka hospitali siku ya pili. Alikuwa fundi cherehani. Mpaka leo mikono yake inatetemeka, hawezi kutunga uzi kwenye sindano.

Mzee alikuja kutupa pole. Akasema ni kudra ya Mungu, na tena aliyefunga mlango ni mpangaji mwenyewe. Nilimwitikia kwa adabu. Moyoni niliapa kwamba sitamwachia.

Nilianza kwa afisa wa afya. Aliniambia kwamba kupitisha hewa ni jukumu la mwenye nyumba, si la mpangaji. Akaja, akakagua, akaamuru vyumba visivyo na madirisha vifungwe mpaka vitobolewe madirisha. Hilo halikunitosha. Nikawa nakaa kwenye baraza ya jirani pamoja na mdogo wangu. Kila aliyekuja kuulizia chumba nilimwita, nikamwonyesha ile mikono. Sikuongeza uongo hata neno moja. Nyumba ikakaa tupu, nami nilifurahi.

Mwishowe mzee akaja, amekonda. Alisema ametoboa madirisha yote na kuweka kwenye dari ya kila chumba kifaa kinacholia hewa ikiingia sumu. Akaniomba niache kumwaibisha.

"Mimi si wa kuombwa," nilimwambia. "Mwambie yeye kwamba mlango haukutosha."

Alimwambia, macho chini. Mdogo wangu akamsamehe pale pale, akamkaribisha chai. Nilitoka nje, nimemkasirikia na yeye pia.

Wapangaji wamerudi sasa. Kila mwezi nabisha hodi kwao, nabonyeza vifaa vile kimoja kimoja kuona kama bado vinalia. Vikilia, mzee hutoka akanitazama. Nami humtazama mpaka arudi ndani.