Sanduku Lililosimama Mbele Yangu

Sogea karibu, mwanangu, maana hili sipendi kulisema kwa sauti. Nakumbuka siku moja, miaka ile ya elfu mbili na kitu, majani yameanza kupukutika hapa Birmingham, niliposhikwa na hofu mbele za watu nikakimbia kama mwizi. Wewe umezoea kuniona nikigombana na madereva wa basi, unadhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi.

Nilikuwa mjane kijana, nimefika kutoka upande wa Uvira, kule Kongo, na binti yangu mdogo, Neema, tukapewa nyumba Bordesley Green. Jirani yangu alikuwa Bi Zuwena, mtu mzima wa Kizanzibari, aliyenichukua kama mwanawe bila kunihoji nimekimbia nini. Yeye alikuwa na shoga yake Mjapani, Bi Haruko, aliyekaa Stechford. Kila mwaka majira hayo, familia chache za Kijapani za upande ule zilifanya sikukuu yao ya mavuno. Walifunga mtaa mmoja mdogo magari yasipite, wakatundika taa za karatasi, wakachoma mahindi na mishikaki ya kuku, kama wanavyofanya mitaani kwao. Bi Haruko akatualika.

Nilikwenda kwa furaha, nisikudanganye. Neema alikula mpaka mashavu yakang'aa mafuta. Bi Zuwena aliingia ndani kwa Bi Haruko kumsaidia kupika, mimi na mtoto tukabaki mlangoni pale kutazama watu.

Kisha ngoma zikaanza. Pale kwenye kona wakatokea wanaume wenye makoti mafupi ya buluu na vitambaa vichwani, na mabegani wamebeba sanduku kubwa lenye paa, limefungwa juu ya miti miwili. Walipaza sauti kwa pamoja, neno lile lile, huku wakiyumba. Sanduku lilikwenda kushoto, likarudi kulia, utafikiri ndilo linalowavuta wao.

Wenzangu waliokuwa pale walipiga makofi. Mimi nilimvuta Neema karibu yangu.

Lazima nikueleze, ndipo utanielewa. Kijijini kwa wakwe zangu walikuwapo watu walioamini kwamba marehemu hazikwi kabla hajamwonyesha aliyemuua. Vijana hubeba jeneza, jeneza likawayumbisha njiani huku na huku, na nyumba litakayosimama mbele yake ndiyo ya mchawi. Mume wangu alikufa kwa homa. Jeneza lake lilikuja likasimama mlangoni pangu. Shemeji yangu ndiye aliyeshika mbele, na nilijua nani analielekeza, lakini nani angenisikiliza? Nilimtia Neema mgongoni, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikisikia wanavyoliita jina langu. Hapa mjini sikumwambia mtu. Wakongo tuko wengi, na neno uchawi likishakushika halibanduki.

Sasa lile sanduku likaja na mtaa, likayumba, likageuka, likasimama mbele yangu. Wale wanaume wakaliinua juu kabisa, wakalitikisa kwa nguvu huku wakipaza sauti. Watu wote wakatugeukia. Ndiyo, mwanangu, niliamini kwamba mume wangu amenifuata mpaka Uingereza. Nilimkamata Neema mkono nikakimbia.

Sikutazama ninakokwenda. Tulitoka kwenye mtaa ule tukaingia barabara kubwa, na gari likafunga breki karibu nasi hivi kwamba nilisikia joto lake miguuni. Nilipofika upande wa pili nilikuwa bado nimembana mtoto kifundo cha mkono. Alikuwa analia, akiniambia kwa Kiingereza chake kwamba namuumiza, akiuliza amekosa nini.

"Mummy, you're hurting me. What did I do?"

Bi Zuwena alitukuta tumekaa kwenye ukuta mfupi wa nyumba ya watu. Alikuja anatweta, ana unga mikononi, akakaa kitako kando yangu.

"Nani anakukimbiza, mwanangu?"

Nilichoka kuficha. Nikamwambia kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, "Ile sanduku, mama. Bwana yangu alikufa, sanduku yake ikakuya paka ku mlango yangu. Bakasema ni miye nilimuroga. Sasa imenifata paka huku."

Nikangoja anyanyuke aende zake. Hakunyanyuka.

"Ulimroga?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona wakimbia kama uliyemroga? Mtazame mtoto huyu. Adhani kosa ni lake. Ungemtia chini ya gari kwa uongo wa watu ambao hata hapa hawapo. Kile si jeneza. Wenyewe wanasema ndani yake mna baraka ya mavuno, waipitisha mlango hadi mlango. Wamesimama pale kwa sababu ni kwa Haruko. Ungeniuliza tu, ningekwambia."

Maneno yale yaliniuma, na nilistahili. Nikamgeukia Neema, nikamwambia hakukosa kitu, ni mama yake aliyeogopa. Aliniuliza nimeogopa nini. Kwa mara ya kwanza nilimweleza, kwa kiasi cha umri wake, jinsi baba yake alivyokufa na nilivyosingiziwa.

Tukarudi. Usifikiri hofu ilikuwa imekwisha. Walipolibeba tena lile sanduku na kuanza kuyumba kuja upande wetu, jasho lilinitoka katika baridi ile. Likasimama mbele yetu, likatikiswa. Sikukimbia. Neema alilipungia mkono, na wale wanaume wakacheka, wakapita.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Najua na wewe umefika mji huu na jambo ulilolifunga kifuani, na sikulazimishi kulisema leo. Lakini uongo uliosingiziwa huko usiulee hapa kama mtoto wako. Kitu kikikutisha, uliza kwanza ni kitu gani. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia, na mwanao umwambie mapema, kwa sababu usipomweleza unachokimbia, ataamini unamkimbia yeye.

Mungu akulinde na ndimi za watu. Akupe usingizi mzuri, na mkono unaomshika mtoto wako uwe wa kumwongoza, usiwe wa kumuumiza.