Mikono ya Mama Dobi

Nimepokea ushirika mtakatifu kwa lugha sita, mara nyingi bila kumtazama anayenipa. Kwa Mama Dobi huwezi. Mikono yake inatetemeka tangu utotoni, kwa hiyo kikombe hukijaza nusu, hubana viwiko mbavuni, na akifika mbele yako hukwambia kwa sauti nzito inayokokota maneno, "Nishike." Usipomshika, hunywi. Unavifunika vidole vyake vilivyochanika kwa sabuni, mnakiinua pamoja hadi midomoni mwako.

Jumapili moja mzee wa kanisa alimsimamisha mlangoni. "Dada, leo iwe mwisho wa kubeba kikombe. Utakuja kumwaga."

"Miaka kumi na moja nimemwaga mara ngapi, kaka? Wewe mwenye mikono mizima ndiye uliyeangusha sinia la mikate."

Tulicheka. Mzee hakucheka; wiki hiyo alikuwa amemzika mkewe, na neno lake kanisani halikuwa na rufaa.

Kwenye foleni ya ushirika mzee alikuja wa mwisho. Alinyoosha mikono, nayo ikaanza kumtetemeka hata akairudisha haraka kifuani. Mama Dobi hakusogea.

"Nishike, kaka," akasema. "Tutetemeke wote."

Kikombe kiligonga meno ya mzee mara tatu. Sote tulisikia. Akanywa, na hakuna tone lililoanguka.

Jumapili iliyofuata niliwahi kufika. Mzee alikuwa ameinama mezani, chupa mkononi, anamjazia Mama Dobi kikombe. Alikifikisha nusu, akaacha.