Chumba Kisicho na Président

Katika Lubumbashi, watu wakikutana mara mbili wanakuwa na président. Wacheza karata wa pale kwenye kona wana président wao. Wanafunzi waliopanga nyumba moja wana président, makamu wake, na mshauri ambaye hakuna anayejua anashauri nini. Sisi hatukuwa naye, na jambo hilo tulijivunia kuliko mashine yoyote tuliyowahi kuitengeneza.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya depo ya unga. Mwenye depo alikuwa mama wa makamo aliyetoka Kivu ya Kaskazini miaka mingi iliyopita, mfanyabiashara wa jumla ambaye malori yake yalipita mpaka wa Mokambo yakitoka Zambia. Alitupa chumba baada ya baadhi yetu kumfufulia jenereta, kwa sharti kwamba mtu asivute sigara karibu na magunia. Ndani tuliweka meza ndefu ya mbao za makreti, kompyuta za zamani, redio zilizofunguliwa matumbo, na mashine ya kuchapa vitu vya plastiki tuliyoiunda kutoka kwa printa mbovu. Mashine hiyo iliweza kuchapa vizuri kitu kimoja tu, filimbi, kwa hiyo kila aliyetutembelea aliondoka na filimbi.

Siku za kazi kulikuwa na masomo: kulehemu, kutengeneza simu, kuandika programu. Jumamosi tulikutana wote. Tulikunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, na kila mtu akaonyesha kitu alichokifungua juma lile na kueleza kwa nini alishindwa kukifunga. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya sosholojia ambayo haikumvutia mwajiri yeyote. Nilienda mara ya kwanza kuona kama ni kweli kwamba kuna watu wanaoishi bila mkubwa.

Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza: anayesema ni yule aliyeshika testa, kile kipimo cha umeme chenye waya mwekundu na mweusi. Ya pili: hakuna linaloamuliwa mpaka wote wakubali. Mmoja akisema hakubali, jambo linarudi mezani. Rangi ya ukuta tuliijadili Jumamosi nyingi, na ukuta ukabaki vile ulivyokuwa.

Nilikuwa na mashaka yangu tangu mwanzo. Ufunguo wa chumba ulikuwa mmoja tu, na ulikaa mfukoni mwa fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodini Kipushi. Vifaa vingi vilikuwa vyake. Asipofika, hatukuingia. Nilipouliza kama huyo siye président tusiyemtaja, alicheka akasema kwamba ufunguo ni chuma tu. Wengine walicheka pia, nami nikaacha.

Mwaka wa uchaguzi ukafika na mambo yakaanza kuvunjika. Bei zilipanda asubuhi na kupanda tena jioni. Vyuo vilifungwa. Watu waliacha kuzungumza kwenye taxi-bus. Kisha internet ikakatwa nchi nzima, na hakuna aliyetuambia itarudi lini. Kwetu, niseme ukweli, zilikuwa siku nzuri. Tulichukua ruta za zamani za internet, tukazipandisha juu ya mapaa ya majirani waliokubali, na tukasimika mlingoti wenye antena juu ya paa la depo. Baada ya siku chache mtaa mzima uliweza kuandikiana ujumbe, mtaa huo tu, na kusoma masomo tuliyokuwa tumeyahifadhi kwenye kompyuta yetu. Wanafunzi walijaa mpaka kwenye magunia. Mama mwenye depo naye aliupenda mtandao ule: alikuwa na duka dogo upande wa pili wa mtaa, na sasa aliagiza magunia bila kumtuma mtu kwenye mvua.

Mlingoti unaonekana kutoka mbali. Wanaume wawili walifika siku moja mchana, wamevaa mashati safi, na hawakusema wametoka ofisi gani. Mkubwa wao alitazama meza, akatazama juu, akauliza:

"Ni nani président wa hapa?"

"Hatuna na président, chef," alijibu fundi mwenye ufunguo, akimwita mkubwa kwa adabu.

"Eko mu voyage, alisafiri?"

"Hapana, chef. Hakuna."

"Alikufa?"

Fundi akamweleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama alivyokuwa akieleza kwa wageni wote, kwamba sisi sote tuko sawa na kila jambo tunaamua pamoja. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho. Nadhani alijaribu kweli kuelewa. Kisha akasema kwamba katika kazi yake ameona vikundi vyenye kichwa kizuri na vyenye kichwa kibaya, lakini kikundi kinachosema hakina kichwa ni kikundi kinachokificha. Akamtuma mwenzake akalete mnyororo na kufuli. Kwa kuwa chumba chetu na depo vilitumia lango moja, lango lote lingefungwa. Akaketi juu ya gunia kungoja.

Kwa hiyo tulikuwa na muda. Kilichotakiwa ni mtu mmoja tu aseme "ni mimi". Badala yake, tulichukua testa.

Ilizunguka meza kama kawaida. Mmoja alisema tuchague yeyote. Fundi alisema président aliyechaguliwa kwa woga ni uongo, na yeye hakubali. Dada aliyefundisha kulehemu alipendekeza kila mtu aandike majina kwa mpangilio wa upendeleo, kisha tuhesabu. Ilipofika kwangu niliuliza: huyo président akikamatwa kesho, sisi wengine tutasimama naye, au tutasema tena kwamba hatuna président? Lilikuwa swali zuri. Testa ikapita kwa mwingine. Yule mtu juu ya gunia alitutazama kama mtu anayetazama mpira wa watoto, asijue lango liko upande gani.

Mnyororo ulifika. Karibu wakati uleule Mama alirudi kutoka dukani, mfuko wa plastiki kichwani kwa sababu ya mvua. Aliuliza mnyororo ni wa nini, akaambiwa. Nilimwona akitazama magunia. Lori lililoyaleta lilikuwa la mwisho kupita. Dereva wake alikuwa amekataa kurudi mpakani mpaka mambo yatulie. Paa la depo lilivuja kwenye pembe moja, na kila mvua iliponyesha tulisogeza magunia kwa mikono. Lango likifungwa, unga wote alionao duniani ungegeuka mawe mle ndani. Kisha akatutazama sisi, tumekaa tunazungusha testa.

"Mi njo président," alisema.

Yule mtu alisimama, akawa chini kabisa ya pembe inayovuja. "Weye, Mama? Tangu lini?"

"Tangu siku baliingia mu nyumba yangu. Ile chuma ya huku yulu ni ya batoto kusoma. Kama haikupendeze, tutaishusha. Ikala, papa, unalowana."

Aliketi tena. Waliongea wawili, taratibu, kuhusu mvua, barabara na kanisa anakosali dada wa mtu huyo. Mwishoni sharti lilikuwa moja: mlingoti ushuke kabla hawajaondoka. Fundi alisema jambo hilo tungehitaji kulijadili.

"Mulishamaliza kuongea," Mama alimjibu, bila hasira.

Tulipanda tukaushusha, mvua ikitunyeshea. Ujumbe wa mtaa mzima ulizimika, na ule wa duka la Mama pia. Wanaume wale waliondoka na mnyororo wao, na kila mmoja alichukua filimbi.

Nilidhani limeishia hapo. Jumamosi iliyofuata Mama aliingia amevaa kitenge kipya, akaketi kwenye kiti kizuri, akafungua mkutano kwa sala. Kisha akamuuliza kila mtu amefanya nini juma lile. Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo kwa namna inayodai jibu. Alitaka pia tupange siku ya kutengeneza vitu vya majirani, maana ndio waliotusaidia na mapaa yao. Kwa miezi tulikuwa tukiipanga siku hiyo bila kuifanya, na sasa ikafanyika.

Fundi hakuvumilia. Internet iliporudi, alishika testa akasema kwamba hatari imepita, na anapendekeza tumshukuru Mama na tumwondoe kwenye cheo. Wengi walitikisa kichwa kukubali, na mimi nikiwa mmoja wao. Testa ikafika kwa Mama. Aliishika kwa waya zake, kama mtu anayeshika kuku.

"Miye sikubali," alisema.

Kanuni ilikuwa yetu wenyewe. Kisha akamgeukia fundi na kumuuliza ile siku alimwambia nini yule papa wa mnyororo. Fundi akasema alimwambia kwamba hatuna président.

"Sasa kama hamuna na président, munataka kunitoa mu nini?"

Dada wa kulehemu ndiye aliyeanza kucheka, tukafuata. Fundi hakucheka. Alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani mbele ya Mama, akachukua koti lake. Nilimheshimu kwa hilo, na bado sijui kama alikuwa amekosea. Yeye ndiye aliyejenga karibu kila kitu mle ndani, na hajarudi.

Mama hakuugusa ufunguo ule. Alisema yeye ana lango lake na linamtosha, akaenda kumhudumia mteja. Tuliutazama kidogo. Kisha mtu mmoja akapiga msumari kando ya mlango, upande wa nje, akautundika. Hatukulijadili.